Ngiri Tuliyoificha

Tangu katikati ya mwezi wa Rajabu tumekuwa tukiulizwa na wazazi wa wanafunzi wetu hapa Makambako sababu ya sisi kusali juu ya kiti. Baadhi yao wametudhania maradhi ya magoti, na wengine wamenyamaza kwa adabu. Leo twawajibu, ijapokuwa jambo lenyewe ni la kutia haya, kwa kuwa haya hiyo hiyo ndiyo iliyokaribia kumwua mtu.

Tulipasuliwa ngiri.

Kwa muda wa miaka saba tulikuwa na uvimbe katika kinena cha kulia, ukubwa wake kadiri ya yai la kuku. Tukisimama huchomoza, tukilala hurudi ndani wenyewe. Hatukupata kumwambia mtu illa mama watoto, naye tulimkataza asiseme. Tulijifunga kitambaa chini ya kanzu, na katika baridi ya mwezi wa Juni, kifua kinapobana, tulikuwa hatukohoi pasipo kutia mkono mfukoni na kuushikilia. Watoto darasani walidhani ni tabia yetu tu. Tena, na hili twalisema kwa kujilaumu, sisi tunaowakanya watu kila siku wasiwafuate matapeli, tulinunua chupa tatu za dawa kwa kijana mmoja wa stendi mwenye kipaza sauti, aliyedai ya kuwa dawa yake huponya ngiri, kisukari na mkosi. Ilikuwa chungu sana. Zaidi ya hapo haikufanya kitu.

Mwezi wa Safar, baada ya sala ya Isha, alitujia baba wa mmoja wa wanafunzi wetu. Wajuao mji huu wajua ya kuwa Makambako ni njia panda: barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya yakutana hapa na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA yapita papo hapo. Marehemu baba yetu alikuja kwa ajili ya ujenzi wa reli hiyo, nasi tukazaliwa hapa. Basi mji kama huu haukosi malori, na malori hayakosi makuli. Wapo wapakiao mbao, wapo wapakiao viazi, na viazi mara nyingi hujazwa kwa lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba mpaka likapita kilo mia, ijapokuwa sheria ya vipimo imeikataza. Mtu yule alikuwa kuli wa viazi.

Alitwambia, "Shikamoo, Maalim. Nina kitu hapa chini, nikibeba gunia chashuka. Nikijifunga mkanda, udhu wangu wasihi?"

Tulimjibu ya kuwa mkanda hauna neno katika udhu wake, kwani kinena si kiungo cha udhu. Tukamwandikia kombe anywe, tukamwusia subira. Jawabu la udhu lilikuwa sahihi, na kombe lilikuwa maneno matukufu. Lakini neno alilolihitaji usiku ule ni kuambiwa aende hospitali, nasi tulilimeza. Kumwambia yeye kungekuwa ni kujiambia wenyewe.

Hazikupita wiki tatu, mkewe akatubishia mlango kabla ya adhana ya Alfajiri. Uvimbe ulikuwa umegoma kurudi ndani tangu adhuhuri ya jana, umekuwa mgumu kama jiwe, na mtu hawezi kuguswa. Alikuwa akitapika, tumbo limejaa kama ngoma, wala hapitishi upepo wala choo. Tulitafuta gari, tukaenda naye Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi, naye kila tuta la barabara alilia kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia kwa mwanamume mzima.

Alipasuliwa asubuhi ile ile. Daktari alitoka akatueleza ya kuwa utumbo ulikuwa umenaswa katika tundu na kunyongwa, damu ikakatika, na sehemu yake imekwisha kufa. Walikata kiasi cha shubiri moja wakaunga. "Angekaa hadi jioni, tungekuwa tunazungumza mengine," alisema. Kisha akauliza, bila hasira, kama hapakuwa na mtu aliyejua habari hii mapema. Tulitazama chini.

Daktari huyo, ambaye kwa umri ni mwanetu, alikaa nasi kwenye benchi akatufahamisha. Tumbo la mwanadamu limezungukwa na ukuta wa misuli, nao kwenye kinena una mahali dhaifu, hasa kwa mwanamume, kwa kuwa mtoto akiwa bado tumboni mwa mamaye kende zake hushuka kupitia hapo. Mahali hapo pakilegea, utumbo husukumwa ukatokeza nje. Kubeba mizigo, kikohozi cha siku nyingi, kukamua choo kigumu, na kwa wazee kukamua mkojo, yote haya huzidisha. Wanawake nao hupata, ila kwa uchache. Kwa wanaume yakadiriwa mmoja katika kila wanne hupatwa katika umri wake. "Mwalimu," akasema, "ukuta wa nyumba ukitoboka, utaunywesha dawa?"

Hapo ndipo tulipomwonyesha yetu.

Hata hivyo tulichelewa miezi mitano. Mara tulikuwa na mitihani ya chuo, mara fedha haikutosha, mara tulijiambia yetu ni ndogo. Na mzee mmoja tunayemheshimu alitukatisha tamaa kwa kusema ya kuwa kisu ni mambo ya Wazungu. Twamwomba radhi kwa kumpinga hapa. Abul Kasim Az-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Andalusia aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu chenye sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji, ndani yake michoro ya vyombo vyake, na ngiri ni katika maradhi aliyoyaeleza. Zama zake walichoma kwa chuma cha moto. Mtaliana Edoardo Bassini ndiye aliyebuni, katika miaka ya 1880, namna njema ya kuushona ukuta wenyewe. Siku hizi mara nyingi huwekwa wavu mwembamba juu ya tundu, na mwili ukaota ndani yake kama majani yanavyoota katika wigo.

Wavu huo ukinunuliwa ng'ambo bei yake ni kubwa. Huko mashariki mwa Uganda ulifanywa uchunguzi, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016: wanaume 302 waligawanywa, nusu wakatiwa wavu wa dukani na nusu wavu uliokatwa katika kitambaa cha neti ya mbu. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilimrudia mtu mmoja tu wa neti, na wa dukani hakuna. (Asiende mtu kuchana neti ya kitandani; ile ilikuwa imetakaswa kwa mitambo ya hospitali.)

Kwetu sisi kazi haikufika saa mbili. Tulizuiwa kula tangu usiku, ili tusije tukatapika chakula kikaingia pumuni. Tulipigwa sindano ya ganzi mgongoni, mwili wa chini ukawa si wetu, nasi tuko macho tukisoma kimoyomoyo. Haya yetu kubwa ilikuwa kufunuliwa. Sheria yetu yaruhusu tabibu atazame kadiri ya haja, na waliotuhudumia walitufunika shuka pote isipokuwa mahali pa kazi. Jioni tulitembea hadi msalani. Tumekatazwa kubeba kizito kwa wiki sita. Na katika mkoa wetu hapana uhaba wa mahali: kuna Kibena na hospitali ya rufaa mjini Njombe, kuna Ilembula, kuna Ikonda kule Makete.

Ama sala, mgonjwa asimamaye kwa taabu husali akiketi. Mwenye bendeji kinenani, akipatwa na janaba, katika madhehebu yetu ya Kishafii huosha palipo pazima, hupangusa juu ya bendeji, na hutayamamu. Asilifungue jeraha kwa hofu ya dini. Imepokewa habari ya sahaba aliyejeruhiwa kichwani safarini, wenzake wakamfutia ruhusa ya kutayamamu, akaoga akafa, Mtume (s.a.w.) akawalaumu vikali kwa kujibu wasilolijua. Tumeifundisha habari hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Mwezi wa Safar tuliisoma upya, tukajiona tumo miongoni mwa wale wenzake.

Kina mama nao wametuuliza habari ya kitovu cha mtoto kilichotokeza. Hicho, alisema daktari, kwa wengi hujifunga chenyewe kabla ya miaka mitano, na sarafu inayofungwa juu yake haisaidii. Lakini uvimbe wa kinenani kwa mtoto haujifungi, huyo apelekwe. Na kwa mkubwa au mdogo, uvimbe ukigoma kurudi, ukauma na kuwa mgumu, na matapishi yakaja, safari ni saa ile ile, usiku au mchana.

Kuli yule hakubeba gunia kwa miezi mitano. Mwanawe wa miaka 14 aliacha chuo akasukuma mkokoteni sokoni. Siku tulipotoka hospitali tulikwenda nyumbani kwake, tukamweleza ya kuwa usiku ule alipotuuliza, sisi wenyewe tulikuwa nayo. Alinyamaza kitambo.

"Maalim," akasema, "ungeniambia, tungekwenda sote."

Mtoto amerudi darasani mwezi huu wa Shaabani. Wenzake wamempita juzuu mbili.