Raba ya manati ndani ya moyo

Wadau, kimya kingi kina mshindo! Nipo hapa Malimbe, mazoezi ya kufundisha yanakaribia na nimepangiwa baiolojia, basi nimejichimbia maktaba. Kilichonitoa mafichoni leo ni protini moja inaitwa titini. Watu wa lugha na jiografia msikimbie, nakuja taratibu.

Aktini na mayosini tumeziimba wote sekondari: zinatelezeana, msuli unajikunja. Sawa. Sasa nani anaurudisha msuli mahali pake, maana moyo unadunda kama mara 100,000 kwa siku? Hapo ndipo titini, protini kubwa kuliko zote mwilini. Insulini ina amino asidi 51, titini inapita 34,000! Inafanya kazi kama raba ya manati. Damu ikiingia, inavutika na kuuzuia moyo usitanuke kupita kiasi. Moyo ukishajikunja, inausukuma ufunguke tena. Mwaka 1997 watafiti waliishika molekyuli moja moja wakaivuta, vikunjo vyake vikafunguka kimoja kimoja, na ilipolegezwa vikajikunja upya. Ila mfano wa manati una mwisho wake, kwa sababu seli ya moyo inaweza kuilegeza au kuikaza titini yenyewe kwa kuipachika fosfeti. Raba gani inaweza hayo?

Kwa nini nawachosha? Mama yangu mdogo anauza dagaa kule Igombe. Miaka miwili iliyopita alijifungua mtoto wa tatu, wiki chache baadaye miguu ikavimba, na usiku halali bila kuegemea mito, akilala chali pumzi inakata. Zahanati moja ikasema ni uchovu wa uzazi. Majirani wakasema yao, mnayajua ya huku kwetu. Kipimo cha eko ndicho kilichosema kweli: moyo umetanuka, hausukumi vizuri. Kuna ugonjwa wa moyo unaowapata kina mama mwishoni mwa mimba au miezi michache baada ya kujifungua, na ndio huo.

Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa wanawake 172 wenye ugonjwa huu. 26 kati yao walikutwa na kasoro kwenye jini za misuli ya moyo, na theluthi mbili ya kasoro hizo zilikuwa kwenye jini ya titini. Wengi hawakuwa nayo, na mama mdogo hajapimwa jini, kwa hiyo simbandiki chochote. Lakini mwenye kasoro hiyo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Na yeye na mama yangu ni tumbo moja.

Sasa wakwe wanataka mjukuu mwingine, eti wa kiume. Daktari alishamkataza, kwa sababu mimba nyingine inaweza kuurudisha ugonjwa, hata kuua. Akanipigia: "Mwanangu, wewe unayesoma mambo ya mwili, njoo uwaambie hawa." Jumapili napanda daladala. Baba mdogo ni mvuvi, maneno ya vitabuni hayataki, hivyo nabeba raba mbili, nzima na iliyochoka, avute mwenyewe.

Dada yangu naye ni mjamzito. Nimemwambia akienda kliniki aitaje habari ya mama mdogo, iandikwe kwenye kadi. Kanijibu namtisha. Nitampigia tena kesho, vocha ipo.