Kwa mtoto wa kaka yangu, mpenda mieleka

Tanga, Jumapili

Mwanangu mpendwa,

Huku mvua imetukalia wiki nzima na nguo hazikauki. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona jibu lake ni refu, afadhali niliandike. Unasema wenzako darasani wanakucheka kwamba mieleka ya Marekani ni maigizo matupu na wewe unakesha bure.

Wenzako wamepatia nusu. Nani atashinda na nani atabwagwa huamuliwa ofisini kabla watazamaji hawajaketi. Sasa ngoja nikupe habari za Mick Foley, halafu uwaulize ni kipi hasa kilichoigizwa.

Foley alizaliwa mwaka 1965, akakulia Long Island, New York. Hakuwa na umbo la bingwa: tumbo mbele, nywele timtim, hatua nzito. Akiwa mwanachuo, mwaka 1983, aliomba lifti barabarani hadi Madison Square Garden kumwona Jimmy Snuka akiruka kutoka juu ya kizimba cha chuma. Alirudi chuoni akijua anachotaka. Mwalimu alimpata Pennsylvania, mzee Dominic DeNucci, na mwisho wa wiki akawa anaendesha gari mwendo wa saa nyingi kwenda mazoezini na kulala humohumo ndani ya gari. Kinachofundishwa kwanza kule ni kuanguka: kidevu kifuani, mikono ipige chini kwa kishindo, mgongo wote upokee kwa pamoja ili pigo lisiangukie sehemu moja. Ulingo wenyewe ni mbao juu ya vyuma, na sponji nyembamba iliyofunikwa turubai. Hakuna godoro pale, mwanangu.

Miaka ya mwanzo naipita. Kumbi ndogo, malipo ya kutia huruma, jina la ulingoni Cactus Jack. Twende Munich, Ujerumani, Machi 1994. Siku hiyo alipangwa na Vader, pande la mtu la karibu kilo 200. Foley alikuwa na mchezo wake wa kujinasa shingo katikati ya kamba mbili za ulingo, aonekane kama ananyongwa. Safari hii kamba zilikuwa zimekazwa kupita kawaida. Alipojichomoa, sikio la kulia likachanika, na muda si muda likadondoka. Mwamuzi akaliokota. Wao wawili wakaendelea kupigana! Na kilichomuuma baadaye, zaidi ya kidonda, ni kwamba kampuni yake ya WCW haikutaka hata kuliingiza tukio hilo kwenye hadithi zake za televisheni. Mtu ametoa sikio, wao hawana habari.

Mimi nimefanya kazi wodi ya mifupa miaka mingi, kwa hiyo jioni ya tarehe 28 Juni 1998, mjini Pittsburgh, siitazami kama unavyoitazama wewe. Foley wakati huo yuko kampuni ya WWF, anaitwa Mankind, amevaa kinyago cha ngozi usoni. Yeye na mpinzani wake, Undertaker, wamepanda juu ya paa la kizimba, mita tano hivi kutoka sakafuni. Undertaker anamsukuma. Foley anashuka hewani na kutua juu ya meza ya watangazaji wa Kihispania, meza inasambaratika. Ukiangalia kwa makini utaona alivyojigeuza ili atangulize mgongo. Hilo ndilo somo la DeNucci. Wanamletea machela, bega limetoka mahali pake. Anashuka kwenye machela na kukwea tena kizimba, huku anacheka.

Anguko hilo la kwanza lilikuwa limepangwa. La pili sivyo. Undertaker alimkaba koo na kumbamiza juu ya paa la wavu, wavu ukaachia, Foley akapitiliza mpaka ulingoni, na kiti cha chuma kikamfuata na kumpiga usoni. Kamera zilimwonyesha anatabasamu na jino limekwama puani. Bado akamalizia kwa kubwagwa juu ya pini za kubandikia karatasi ubaoni, maelfu. Halafu akashindwa, kama ilivyopangwa. Nyuma ya pazia Vince McMahon, mwenye kampuni, alimshukuru na kumtaka asirudie tena maishani mwake.

Ubingwa aliupata kwa jambo jingine kabisa. Baada ya Pittsburgh watu walianza kumpenda kwa vichekesho vyake. Alivaa soksi mkononi, akaichora uso, akaiita Mr. Socko, na ukumbi mzima ukawa unaishangilia soksi. Tarehe 4 Januari 1999 pambano alilomshinda The Rock na kutwaa mkanda lilikuwa linarushwa hewani, lakini lilikuwa limerekodiwa siku kadhaa nyuma huko Worcester. WCW, wapinzani wa WWF, walikuwa hewani saa ileile. Wakamwagiza mtangazaji wao, Tony Schiavone, atoboe siri kwamba Foley atakuwa bingwa, tena kwa kejeli. Basi watazamaji laki kadhaa wakahama kituo papo hapo, wakaenda kumtazama Foley akishinda! Hilo uwaambie wenzako. Watazamaji walishaambiwa matokeo, na ndiyo yaliyowavuta. Hata bibi yako alipotuhadithia habari za sungura na fisi tulijua fisi ataumbuka, na tulidai hadithi ileile kila usiku.

Kuna pambano moja silipendi. Wiki chache baadaye, The Rock alimpiga kwa kiti kichwani mara 11, Foley akiwa amefungwa pingu mikono nyuma, hawezi hata kujikinga. Mkewe na watoto wake wadogo walikuwa wameketi mbele wakilia, na filamu ya Beyond the Mat imewaonyesha. Watoto wale walikuwa wameambiwa kwamba baba anaigiza. Kiti cha kichwani kilikuja kupigwa marufuku na kampuni hiyohiyo, wakati huo ikiitwa WWE, mwaka 2010, na kwa maoni yangu walichelewa sana.

Mwaka huohuo wa 1999 alitoa kitabu cha maisha yake. Mchapishaji alikuwa amemtafutia mtu wa kumwandikia; Foley akakataa, akakiandika mwenyewe kwa kalamu, zaidi ya kurasa 700 za mkono, mara nyingi ndani ya ndege na hotelini. Kikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya New York Times. Mwaka uliofuata akaacha mieleka ya kila wiki akiwa hajatimiza miaka 35, magoti yamechoka. Alirudi mara kwa mara baadaye, wanamieleka hawaagi wakaondoka. Mwaka 2013 aliingizwa kwenye Hall of Fame, Madison Square Garden, ukumbi uleule.

Nakala ya hicho kitabu ninayo, nitampa dereva wa basi la Jumatano. Kiingereza chake ni cha mitaani, na matusi yamo, usikisome mbele ya bibi yako. Tukionana Desemba nataka unisimulie sura ya Munich.

Halafu kuna jambo nimelisikia kwa mama yako, kuhusu godoro mliloliburuta chini ya paa la banda la kuku. Lirudisheni ndani leo.

Shangazi yako