Mu, Ku, Pa

Nyumba yetu hapa Lubumbashi ni ya wakati wa Union Minière, kabla serikali haijachukua mali ya kampuni hiyo mwaka 1967. Matofali yake ni mazito, dirisha la jiko ni dogo, na kati ya jiko na salamanje kuna ukuta. Mwaka jana baba alitaka kuubomoa, pawe chumba kimoja chenye makabati na jiko la umeme. Fedha zilitosha kazi moja tu. Mama aliuliza: "Na siku umeme haupo?"

Swali hilo lilinifanya nisikilize tunavyosema nyumbani. Kiswahili sanifu kina "jikoni", na tofauti ya mahali huonekana katika neno linalofuata: jikoni humu, jikoni huku, jikoni hapa. Sisi wa Katanga huitanguliza mbele ya jina, kama Kibemba. Mama akiosha vyombo ndani, yuko "mu kwizini". Akisonga bukari, yuko "ku mbabula", na mbabula haina kuta: asubuhi iko chini ya mwembe, jioni iko karibu na bomba, mvua ikinyesha iko mlangoni. Vyombo vilikuwa "mu", chakula kilikuwa "ku".

Tena mbabula haifai kuwashwa ndani. Makala hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia. Bila ukuta ule, siku ya mvua hewa hiyo ingetoka mlangoni ikafika mezani, na hata vyumba vya kulala.

Nilimweleza baba hayo bila istilahi za darasani. Alinyamaza, kisha akachukua kamba akaenda kupima nyuma ya nyumba. Ukuta ulibaki. Tulipanua mlango wa nyuma, tukasimamisha nguzo nne, tukaezeka bati, tukaacha pande tatu wazi. Mwashi alisakafia saruji na kujenga meza ya matofali ya kuwekea mbabula, mama asipike ameinama. Salamanje ilipata rangi tu.

Shuleni, tukiandika "ku mbabula", mwalimu alikata kwa kalamu nyekundu. Lakini "ku" ni ya mahali pasipo na mpaka, na "pa" ni ya mahali panapojulikana. Tangu bati lile liezekwe, mama akiitwa hujibu: "Niko pa mbabula." Hakuna aliyemfundisha kubadilisha.