Nani Kakupa Khabari Hiyo?



Hapana baraza katika mwambao wetu siku hizi lisilokuwa na majemadari wake. Baada ya sala ya isha, kahawa ikishamiminwa, huyu humshindisha Mrusi, yule humshindisha Mmarekani, na wa tatu, aliyekuwa kimya tangu magharibi, hutoa simu mfukoni akaonyesha kombora la Kichina liendalo kasi kuliko sauti. Hutajwa manowari ngapi, nyambizi ngapi, ndege ngapi, tena kwa yakini ambayo mtu hawi nayo hata anapohesabu kuku wake mwenyewe. Sina ugomvi na mazungumzo hayo. Mambo ya madola makubwa yanatuhusu, na mwenye kudhani hayatuhusu aulize bei ya unga wa ngano. Ninalotaka kusema limo katika elimu tuliyosomeshwa tangu chuoni, kabla hatujajua Marekani iko upande gani wa dunia: kila khabari ina aliyeileta, na aliyeileta huulizwa.

Wanazuoni wa hadithi hawakuridhika na neno kwa kuwa ni zuri. Waliuliza: Nani kakusimulia? Naye kalisikia kwa nani? Walikutana kweli, au mmoja alikufa kabla mwenzake hajazaliwa? Ni mkweli? Akili yake ilikuwaje alipozeeka? Na walipomwona mtu ana upande anaoulingania, wengi wao hawakupokea kwake riwaya inayoutia nguvu upande huo, ijapokuwa ni mtu wa sala na saumu. Kadhi naye hamkubali shahidi mwenye faida yake katika kesi. Basi inakuwaje mtu aliyesoma haya aipokee khabari ya vita kwa kipande cha picha ambacho hajui hata kilipigwa na nani?

Nilipokuwa kijana, katika miaka ya 1970, hapakuwa na simu za mkononi, lakini khabari za madola zilitufikia, tena kwa Kiswahili safi. Na hili ni jambo la kufikiriwa. Cairo ilianza kutusemesha katika miaka ya 1950. London ikaanza mwaka 1957. Peking ikafuata mwaka 1961. Moscow na Washington nazo hazikubaki nyuma. Yaani wale waliokuwa wakishindana kwa silaha ndio waliotusimulia mashindano yao wenyewe. Mdai na shahidi mtu mmoja! Watangazaji wengi walikuwa watu wa kwetu, na sauti ile ya nyumbani ilimfanya msikilizaji asahau kwamba mshahara unatoka mbali.

Alikuwepo mzee mmoja mtaani kwetu, fundi wa majahazi, aliyekuwa na redio ya betri iliyofungwa kitambaa ili isiingie vumbi. Akisikiliza London, kisha akisikiliza Moscow, kisha huizima akavuta tasbihi yake. Watu wakimuuliza nani kashinda, husema: Walilokubaliana mahasimu wawili lishike. Alilolikiri mtu juu ya nafsi yake lishike zaidi. Yaliyobaki yaache yalale mpaka asubuhi. Mzee yule hakuwahi kusoma mustalah, lakini kanuni alikuwa nayo.

Nitoe mfano wa bahari yetu wenyewe. Berbera ni bandari ya kaskazini mwa Somalia, kwenye Ghuba ya Aden, karibu na mlango wa Bahari ya Sham. Serikali ya Siad Barre ilifunga mkataba wa urafiki na Urusi, wakati huo Muungano wa Kisovieti, mwaka 1974, na Warusi wakawa wanajenga pale. Juni 1975 waziri wa ulinzi wa Marekani, James Schlesinger, alikwenda mbele ya kamati ya Senate na picha zilizopigwa kutoka juu, akasema: hili ni ghala la makombora ya Kirusi. Somalia ikakana. Julai ukaenda ujumbe wa Seneta Dewey Bartlett, ukatembezwa Berbera, ukarudi ukisema ghala lipo.

Msimulizi basi alisema kweli? Alisema kweli. Lakini tazama kwa nini aliisema siku ile. Wakati ule ule serikali yake ilikuwa inataka ridhaa ya kupanua kituo cha kijeshi cha Diego Garcia, katikati ya Bahari ya Hindi. Na mwisho wa Julai Senate ikakataa kuuzuia upanuzi huo. Picha za Berbera zilikuwa hoja ya Diego Garcia. Mtu aweza kuwa mkweli katika alilolisema, akawa na haja yake katika kulisema, kisha akanyamaza juu ya jambo la tatu, nalo ndilo kubwa.

Jambo la tatu lilikuwa watu. Visiwa vya Chagos, ambavyo Diego Garcia ni kimoja chao, vilikuwa na wenyeji: vizazi vya watumwa waliopelekwa huko kufanya kazi katika mashamba ya minazi, wengi wao kutoka Madagascar na pwani ya Afrika. Ni ndugu zetu wa karibu kuliko tunavyodhani. Uingereza ilivikata visiwa vile kutoka Mauritius mwaka 1965, ikakubaliana na Marekani mwaka 1966, na baina ya 1968 na 1973 wenyeji wote, wasiopungua 1,500, wakahamishwa kupelekwa Mauritius na Ushelisheli. Hata mbwa wao waliuliwa. Duniani pakasemwa kwamba kule hapana wenyeji, ila vibarua wa mkataba. Neno moja, vibarua, likafuta makaburi ya mababu. Mpaka Septemba 1975, Senate imekwisha amua, ndipo gazeti la Washington Post lilipoandika kwamba watu walitolewa makwao. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa rai kwamba kukatwa kwa visiwa vile hakukuwa kwa halali. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zikatia saini mkataba wa kurudisha mamlaka ya visiwa kwa Mauritius, huku kituo chenyewe kikiwekewa muda wa miaka 99. Hesabu mwenyewe mtoto aliyepakiwa melini mwaka 1971 atakuwa na umri gani muda huo ukimalizika.

Na Berbera? Mwaka 1977 Somalia ilipopigana na Ethiopia kwa ajili ya Ogaden, Urusi ikaelemea Ethiopia; Novemba mwaka ule Siad Barre akawafukuza Warusi, na mwaka 1980 akawaruhusu Wamarekani watumie bandari ile ile, na uwanja ule ule wa ndege walioujenga Warusi, wenye njia ya kurukia inayozidi mita 4,000. Mwaka huo huo Kenya nayo ilikubaliana na Marekani juu ya kutumia bandari ya Mombasa. Watu wa umri wangu wanazikumbuka manowari za kijivu pale Kilindini. Waliokuwa wakisema barazani kwamba Mrusi ni rafiki wa Msomali daima dawamu, na waliosema Mmarekani ni adui wake daima dawamu, wote walikosa la kusema kwa muda wa wiki mbili hivi. Kisha wakaanza upya, kila mmoja upande wa pili.

Huenda mtu akasema: Sheikh, hayo ni ya wakubwa, sisi tukihakiki au tusihakiki vita vitakuja au havitakuja. Nitamjibu kwa kisa cha Septemba 1983. Mwezi ule ulianza kwa Urusi kuiangusha ndege ya abiria ya Korea iliyokuwa na watu 269, na mahasimu walikuwa wakitazamana kwa macho mekundu. Usiku wa tarehe 26, huku kwetu tumelala, afisa mmoja wa Kirusi, Stanislav Petrov, alikuwa zamu katika kituo kilicho kusini ya Moscow. Mitambo ikapiga kengele: Marekani imerusha kombora. Kisha la pili, la tatu, mpaka yakatimia matano. Kazi yake ilikuwa kuwapasha khabari wakubwa wake, na wakubwa walikuwa na dakika chache tu za kuamua kama nao warushe.

Petrov hakusoma kwetu, lakini tazama alivyoipima khabari ile. Aliyeileta ni mitambo ya setilaiti, mipya, ambayo bado haijaaminika: msimulizi ambaye hali yake haijulikani. Rada za ardhini hazikuona kitu: hapana njia ya pili ya kuitia nguvu. Na khabari yenyewe ina kasoro ndani yake, kwani nani aanze vita vya kuiangamiza dola kwa makombora matano, naye anayo maelfu? Akawaambia wakubwa wake kwamba kengele ni ya uwongo. Baadaye ikadhihirika kwamba ulikuwa mwanga wa jua uliopiga juu ya mawingu, mitambo ikaudhani moto wa makombora. Katikati ya miaka ile vichwa vya silaha za nyuklia duniani vilikuwa zaidi ya 60,000. Leo hukisiwa kuwa yapata 12,000, na karibu tisa katika kila kumi viko Urusi na Marekani. Kisa cha Petrov hakikujulikana kwa watu ila katika miaka ya 1990. Hata waliookoka hawakujua kama wameokoka.

Siku hizi ushindani umetusogelea zaidi. Djibouti peke yake, nchi ndogo, ina vituo vya majeshi ya Ufaransa, Marekani, Japani na China. Cha China kilifunguliwa mwaka 2017, kilomita chache tu na cha Wamarekani. Na tangu mwisho wa mwaka 2023, Wahuthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli za biashara katika Bahari ya Sham, nyingi ziliikwepa njia ile zikazunguka kusini, kwa Rasi ya Tumaini Jema. Watoto wetu wengi ni mabaharia. Kwao ushindani huu si hadithi ya barazani.

Mapema mwaka 2024 alinijia mama mmoja wa mtaani, hajala siku mbili, ananiomba nimsomee mwanawe khitma. Mwana ni baharia wa meli ya mizigo. Mama ameonyeshwa picha za meli ikipigwa kombora ikizama, na chini pameandikwa jina la meli ya mwanawe. Nikamuuliza: Nani kakuletea? Jirani. Jirani kaipata wapi? Katika kundi la simu walilolifanya kwa ajili ya harusi. Aliyeitia kundini? Mpwa wa bibi harusi, naye kapelekewa na mtu wa Dubai asiyemjua jina. Silsila ikakatika pale. Kijana wangu mmoja akazitazama picha zile mara mbili, akacheka, kisha akaona haya kucheka mbele ya mama wa watu. Ulikuwa mchezo wa kompyuta. Jina la meli limeandikwa juu yake na mtu. Siku ya tatu mwana akapiga simu kutoka Durban, mzima, analalamika baridi.

Jirani nilimwendea. Akasema, mimi sikutunga, nimesambaza tu. Nikamkumbusha kwamba Suratul Hujurat haikumwamuru mtunzi peke yake kuhakikisha khabari, imemwamuru aliyeletewa. Akanyamaza. Sikumkemea zaidi, maana mama yule alikuwa amekwisha mpelekea sahani ya mahamri ya shukurani kwa mwana kuwa mzima.

Tangu hapo, kila Jumatano baada ya alasiri, wanafunzi wangu huleta khabari moja ya madola makubwa na silsila yake ubaoni: fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Nyingi hufika kwa mtu wa tatu zikafa. Juma lililopita ilikuja moja yenye nguvu kidogo, ya dola fulani kutaka kujenga kituo kipya cha manowari katika bahari yetu. Silsila ilipanda mpaka gazeti kubwa linalojulikana, na gazeti likasema limeambiwa na ofisa asiyetaka jina lake litajwe. Nikauliza, huyu tumwiteje? Binti wa miaka 13, aliyekaa nyuma, akasema: Mubham, Maalim. Nikampa chaki akaandika. Kisha akageuka akauliza kama wenye nchi wamekiri au wamekana. Wanaume wawili wakubwa waliokuwa wakisikiliza dirishani wakatazamana. Hapana aliyekuwa ametazama. Amepewa yeye kazi ya kutafuta, na Jumatano bado haijafika.