Makobola: Tairi ya tope si tairi ya mchanga

MAKOBOLA, FIZI – Anayetoka Uvira kwenda Baraka kwa barabara ya kitaifa namba 5 ana safari ya kilomita 90 hivi. Mlima uko kuume, ziwa liko kushoto, na katikati ni kipande chembamba cha udongo. Mvua ikinyesha milimani, mito inashusha mchanga na kuumwaga barabarani. Ziwa likipanda, kama lilivyopanda mwaka 2021 na tena 2024, maji yanakula barabara na magari yanatafuta njia ufukoni. Kwa hiyo dereva wa huku anakutana na mambo matatu ndani ya siku moja: mawe, tope na mchanga. Tairi zake ni nne tu, na lazima zipite kote.

Ndiyo maana mazungumzo ya tairi hayaishi kwenye parking za Uvira, Makobola, Swima na Mboko. Vijana wengi wanasifu tairi yenye meno makubwa. Ukiitazama, unaona ina nguvu. Kwenye tope ni kweli inasaidia, kwa sababu meno yanashika na kutupa udongo nje. Lakini mchanga mkavu haushikiki. Meno yale yanauchimba kama jembe, na dereva akizidi kukanyaga mafuta, gari linazama mpaka tumbo linalala chini.

Dereva mmoja wa jeep, mzee aliyezeeka na barabara hii, anapendelea tairi ya meno ya kati, ile inayotembea kote bila kushinda popote. Akifika kwenye mchanga mrefu anasimama, anashuka, anachukua kijiti na kuanza kutoa upepo. Abiria wageni, hasa familia zinazohama na mizigo yao, wanashtuka.

“Papa shofere, mbona unatuharibia mupira? Tutafika kweli?”

“Mama, tulia. Mchanga unataka mguu mpana. Wewe mwenyewe ukivaa viatu vya kisigino, utatembea ufukoni?”

Mama anacheka, na jibu limetosha. Tairi iliyojaa upepo inakanyaga mahali padogo, na uzito wote wa gari unaingia hapo. Ikipunguzwa upepo inalala, na alama yake chini inakuwa ndefu zaidi kuliko inavyokuwa pana. Uzito unagawanyika na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ujuzi huu si wa jana. Afisa Mwingereza Ralph Bagnold, aliyevuka majangwa ya Misri na Libya kwa magari ya Ford miaka ya 1920 na 1930, alipita kwenye vilima vya mchanga kwa kupunguza upepo, na alibeba vipande vya bati ngumu vya kuweka chini ya magurudumu. Kule Omani, wanaoendesha kwenye mchanga wa Wahiba nao wanatoa upepo kabla ya kuingia jangwani.

Sasa hesabu. Jeep isiyo na mzigo mkubwa inatembea kwa kilo 2 au 2,5 za upepo kwenye barabara ya kawaida. Kwenye mchanga dereva anashuka mpaka kilo 1,5 kwanza. Gari likiendelea kuzama, anashuka polepole hadi kilo 1,2, na kwa shida kubwa hadi kilo 1. Chini ya hapo ni hatari: ukikata kona kwa nguvu, tairi inaweza kutoka kwenye rimu. Gari lenye mzigo mzito haliwezi kushushwa kiasi hicho. Lori la Fuso lililojaa mihogo na watu juu yake lina hesabu nyingine kabisa. Kwake dawa ya kwanza ni kushusha watu na kupunguza mzigo kabla ya kugusa upepo.

Hapa ndipo shida ya kweli ilipo. Kutoa upepo ni kazi ya dakika chache. Kuurudisha ni kazi nyingine. Baada ya mchanga mara nyingi yanakuja mawe, na tairi laini ikigonga jiwe inapasuka ubavuni, mahali ambapo hata fundi mzuri hawezi kutia kiraka. Ikikimbizwa laini inapata moto na kuharibika kutoka ndani. Kwa sababu hiyo madereva wasio na pompi hawathubutu kutoa upepo. Wanaingia mchangani na tairi ngumu, wanazama, kisha wanalipa vijana wa kusukuma. Wakirudi wanazama tena, wanalipa tena. Ukijumlisha pesa za kusukumwa kwa miezi michache, pompi ndogo inayotumia betri ya gari ingekuwa imekwisha kununuliwa. Madereva wa parking moja wakichangia pompi moja ya pamoja, hakuna atakayeumia.

Jambo la pili ni kununua. Wengi huku wananunua tairi za okasio, zilizotumika nje na kuingia kupitia Bujumbura au bandari za ziwa. Macho yanakwenda kwenye meno kwanza, na hapo wengi wanadanganyika. Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa herufi za DOT. Ikiwa ni 2319, maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado ikawa mzee, mpira umekauka na una nyufa ndogo. Tairi kama hiyo ukiipunguza upepo inajikunja na nyufa zinafunguka. Kwa mtu wa mchanga, ubavu mzima na laini una maana kuliko meno marefu.

Kuna pia namba ya uzito. 112 inamaanisha tairi moja inabeba kilo 1120. 120 inamaanisha kilo 1400. Jeep nyingi za Toyota Land Cruiser zinazopita huku zinavaa 7.50R16, tairi ndefu na nyembamba kidogo. Wapo wanaotamani kuiondoa na kuweka pana ya kupendeza. Wajue kwamba tairi pana inataka rimu yake, na ikigusa bodi wakati wa kukata kona itajila yenyewe. Nyembamba iliyopunguzwa upepo vizuri inapita mahali ambapo pana ngumu inazama.

Na tairi iliyoisha meno je? Wapo wanaosema kipara ndiyo nzuri kwa mchanga. Kwa mita mia za ufukoni, huenda ikapita kweli. Lakini mvua ikikuta gari hilo kwenye mteremko, dereva hana breki tena, na nyuma yake wamekaa watoto wa watu.

Abiria naye ana kazi yake. Kabla ya kupanda, aulize mambo matatu: tairi ya akiba iko? Pompi iko? Koleo na mbao viko? Gari likikwama, watu wote washuke, hata wenye haraka. Dereva asizungushe magurudumu bure. Mchanga uondolewe mbele ya kila gurudumu, mbao au makuti ya ngazi yawekwe, kisha gari litoke polepole bila kukata kona.

Haya yanaonekana kama mambo ya madereva tu. Lakini kwenye barabara hii hii anapita mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitali ya Nundu. Inapita dawa. Zinapita familia zilizoikimbia vita au maji, zikitafuta mahali pa kulala kabla ya giza. Watu wa Makobola, wanaowakumbuka ndugu zao waliouawa kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, hawahitaji kufundishwa thamani ya njia inayopitika. Barabara nzuri inasubiri serikali. Upepo wa tairi uko mkononi mwa dereva leo, na pompi ya parking inaweza kununuliwa kabla ya mvua zijazo.