Visu Visivyokata: Barua kutoka Solingen

Kaka Salehe,

Nimefika Solingen, Ujerumani. Wasalimie vijana wa karakana yako pale Ngamiani, Tanga, hasa yule anayevuta mivukuto kama bado unaye. Uliniambia nikifika kwenye mji wa visu nikuandikie kirefu, nisiishie kukutumia picha kwenye simu. Haya, agiza chai ukae, maana niliyoyaona huku karibu yote yanakuhusu wewe mtu wa chuma.

Kutoka Köln kuja huku kwa treni haifiki hata nusu saa. Mji umetandaa juu ya vilima, na mabasi yake mengi yanakwenda kwa umeme wa nyaya zilizoning'inizwa juu ya barabara. Ukipita haraka huoni cha kukusimamisha. Lakini jina la Solingen umelikuta mara nyingi kwenye mikasi na nyembe za vinyozi, na sasa nimejua kwa nini linaheshimiwa: tangu 1938 linalindwa kwa sheria, na kisu hakigongwi chapa hiyo kama hakikutengenezwa huku. Zwilling ilianza 1731, Böker 1869, na muda mrefu kabla yao walikuwapo wanoaji waliofanya kazi kando ya mto Wupper, magurudumu ya maji yakizungusha mawe yao. Baadhi ya vibanda vyao vimehifadhiwa. Nilikwenda kimoja kiitwacho Balkhauser Kotten, nikasimuliwa jinsi wanoaji wa zamani walivyokufa mapema kwa vumbi la mawe lililowajaa kifuani. Kaka, nakusihi, unapotumia grainda funga kitambaa puani, na vijana wako uwalazimishe.

Makumbusho ya visu yaliyopo Gräfrath, ndani ya jengo lililokuwa nyumba ya watawa, nitakusimulia tukionana. Leo nataka kukueleza kuhusu Jumamosi yangu msituni.

Mwenyeji wangu ni mwanachama wa klabu ndogo ya warusha visu. Usifikirie mambo ya sarakasi, ya mwanamke kusimamishwa mbele ya ubao na visu kumzunguka. Hapa hakuna anayesimama mbele ya shabaha, na sharti hilo halina mjadala. Ni watu wazima wa kila namna: fundi umeme, mwalimu, wanafunzi wa chuo, na mama mmoja aliyestaafu kazi ya uuguzi ambaye ndiye aliyenifundisha, kwa upole na kwa ukali kwa pamoja. Wanakutana msituni, kwenye uwanja mdogo wenye uzio; nyuma ya shabaha kuna ukuta wa mbao, na anayesubiri zamu husimama nyuma ya anayerusha. Hakuna anayekwenda kuchomoa visu mpaka wote wamemaliza kurusha.

Kitu cha kwanza alichofanya mama yule ni kunikabidhi kisu nikishike upande wa bapa, nikikaze mkononi. Nikasita. Akaniambia nikaze tu. Kaka, kisu kile hakikuwa na makali hata kidogo; pande zote mbili butu kabisa, ncha peke yake ndiyo kali. Mrushaji lazima awe huru kukishika bapa au mpini, kwa hiyo makali ni hatari tupu isiyo na faida. Tena chuma chake ni laini kuliko cha kisu cha jikoni. Kisu cha jikoni hufanywa kigumu ili makali yadumu, lakini ukikirusha kikakosea na kupiga kwa ubavu, kinakatika na vipande vinaruka. Hiki cha mchezo kikipata kishindo kinajikunja kidogo au kinapinda ncha, unakinyoosha, unakipitishia tupa, mchezo unaendelea.

Nilivikagua vyote vilivyokuwa mezani kama ambavyo ungefanya wewe. Vizuri vilikuwa na urefu wa sentimita 25 hadi 35, na uzito wa gramu 200 hadi 350. Vyote ni kipande kimoja cha chuma kutoka ncha hadi mwisho wa mpini. Hakuna mbao, hakuna pembe, hakuna misumari ya kubana, kwa sababu kila kilichobandikwa kitang'oka. Wachache wamezungushia kamba nyembamba kwenye mpini. Wengi hawataki, wanasema kamba inakwama vidoleni wakati wa kuachia. Vingi ukiviweka juu ya kidole katikati vinatulia, na hilo wanalipenda wanaoanza, kwa kuwa kisu kinajibu sawasawa hata ukikigeuza.

Majina ya watengenezaji utakayoyasikia kwenye mazungumzo yao ni mengi. Böker wa hapahapa Solingen wanauza visu vya kurusha, na Wamarekani wana Cold Steel na vile vilivyobuniwa na Gil Hibben. Wazee wanamtaja kwa heshima Harry McEvoy wa Michigan, aliyekuwa na kampuni ya Tru-Balance na kuandika vitabu vya kufundisha mchezo huu. Ila kuna aina moja walinionya nayo: vile visu vyepesi vyeusi, vyenye matundu na meno kama vya sinema, vinavyouzwa kwa bei ndogo. Nimevirusha. Havifai. Ni vyepesi mno, vinayumba hewani na kudunda kwenye gogo. Anayeanza navyo ataamini mchezo huu ni mgumu, kumbe tatizo ni kifaa.

Sasa nikueleze siri yenyewe, ambayo nilidhani ni nguvu ya mkono. Ni umbali. Kisu kikitoka mkononi kinazunguka, na kina ncha moja tu, kwa hiyo lazima kifike kwenye mti wakati ule ncha inapotazama mbele. Mama yule aliniweka mita 4 kutoka kwenye shabaha, nikashika mpini kama ninavyoshika nyundo, kifundo cha mkono kikiwa kimekazwa, nikapeleka mkono mbele na kuacha kisu kitoke chenyewe. Mzunguko mmoja kamili, kikazama. Ukisogea hadi mita 3 unashika bapa, kinafanya nusu mzunguko. Mita 5, bapa tena, mzunguko mmoja na nusu. Mita 6, mpini, mizunguko miwili. Pale uwanjani kila mita ilikuwa na alama ya chokaa, na wanarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mita 7, mkono ukirusha vilevile bila kuongeza nguvu.

Na kisu chenyewe kinakuelekeza. Kikichoma mti huku mpini umeinama chini, hakijamaliza kuzunguka, basi rudi nyuma kidogo. Mpini ukiinuka juu, kimepitiliza, sogea mbele. Unarekebisha kwa miguu, mkono usiuguse. Nilipenda sana jambo hili. Siku nzima sikumwona mtu akihangaika kurusha kwa hasira. Niliona watu wanatazama miguu yao.

Wapo wanaorusha bila mzunguko, wakilaza kidole cha shahada juu ya mgongo wa kisu ili kiende kama mshale. Inapendeza kutazama, lakini klabu hii inawafundisha wageni mzunguko kwanza, nami nakubaliana nao.

Shabaha ni kipande cha gogo kilichokatwa kwa kukingama, ule upande unaoonyesha duara za umri wa mti ndio unaotazama mrushaji. Wenzetu wanatumia mpopla kwa sababu ni mti laini. Ncha ikiingia, nyuzi za mti zinaachana. Ukichomoa, zinarudiana, na gogo linadumu muda mrefu. Wanalimwagia maji lisikauke. Mti mgumu unarudisha visu, na kisu kinachorudi ndicho kinachoumiza watu. Juu ya gogo wamechora duara tano, ya katikati ina upana wa sentimita 10 na ina pointi 5, ya nje kabisa ina sentimita 50 na pointi 1.

Nikirudi nyuma kidogo kwenye safari: kabla ya kuja huku nilipitia Brussels, nikapanda tramu namba 44 inayokatisha msitu hadi Tervuren, kwenye makumbusho makubwa ya Afrika ya Kati, yale yaliyofunguliwa upya Desemba 2018. Nilikwenda nikiwa na visu kichwani. Unajua kwamba ndugu zetu wa kaskazini mwa Kongo, Wazande, walikuwa na kisu chao cha kurusha, kpinga? Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyefika kwao 1870, alivieleza visu hivyo katika maandishi yake. Kpinga kina bapa tatu zinazotoka pande tofauti na kwa pembe tofauti, zote zimefuliwa katika chuma kimoja. Mpiganaji alibeba kadhaa nyuma ya ngao. Si kila kisu cha umbo hilo kilirushwa. Vingine vilikuwa vya heshima, vingine viliingia kwenye mahari.

Tangu nitoke kule msituni kwa warusha visu nimekuwa nikikifikiria kisu kile cha Wazande. Mzungu ana ncha moja, kwa hiyo anapima mita na kuhesabu mizunguko. Mhunzi wa Kizande alilitatua jambo hilohilo kwenye tanuru: alitengeneza bapa nyingi, ili kisu kikifika popote katika mzunguko wake, kuna makali yanayotazama mbele. Askari aliye vitani hana nafasi ya kupima mita 4 kutoka kwa adui. Huo ni uhunzi wa hali ya juu, Kaka, na inaniuma kwamba mafundi wetu wanaupata kwenye kabati la kioo Ubelgiji, tena wachache wanaoweza kufika.

Jambo la mwisho kuhusu huku. Sheria ya Ujerumani hairuhusu kutembea hadharani na kisu kisichokunjwa chenye bapa la zaidi ya sentimita 12 bila sababu inayokubalika. Mchezo unakubalika, lakini wanaklabu wote wanabeba visu kwenye masanduku yaliyofungwa kwa kufuli na hawavitoi mpaka wamefika uwanjani. Wanafanya hivyo kwa moyo mzito pia. Agosti 2024, kwenye sherehe za mji huu kutimiza miaka 650, mtu aliwachoma watu visu na watatu wakafa. Mji ulioishi kwa visu karne nyingi unaomboleza bado, na watu wa klabu hawapendi mzaha wowote wa kuelekezeana kisu, hata kisicho na makali. Nami nataka desturi hiyo ifuatwe kwetu neno kwa neno.

Maana nataka tuuanzishe mchezo huu Tanga. Seti ya visu vitatu inauzwa huku kwa bei inayoweza kumlipia mtoto ada, na sioni kitu ndani yake ambacho mkono wako haukiwezi. Unazo springi za magari karakanani. Nifulie visu vitatu vinavyofanana kabisa: urefu sentimita 30, upana 3, unene milimita 5, uzito kama gramu 290 kila kimoja, visipishane zaidi ya gramu 5. Ncha ianze kuchongoka kwenye theluthi ya mwisho. Kingo zote ziwe butu, kona za mpini uzisugue kwa msasa zisikwaruze kiganja. Ukishavizamisha kwenye mafuta, virudishe motoni taratibu mpaka rangi igeuke samawati, usiviache vigumu. Kuhusu gogo, ulizia kwa wapasua mbao msonobari au msufi, kipande chenye unene wa sentimita 25 au 30, bila vifundo, na ukiloweke. Eneo la nyuma ya karakana lina ukuta mzima. Jenga mbele yake ukuta wa mbao na weka uzio watoto wasipite.

Nitatua Dar mwezi ujao. Nitakuletea tepu ya kupimia na chokaa ya kuchora mistari. Wewe uwe na visu tayari, Kaka.

Mdogo wako,
Hamisi