Mstari Niliouzoea

Niko Mchombe, nafuatilia habari za wakulima wa mpunga. Kompyuta yangu ni ya zamani, inatumia Linux. Kila nikiiwasha hutema "ACPI Error" mara tatu, kisha inafunguka salama. Mara nyingi hiyo ni kasoro ya programu aliyoiweka mtengenezaji kwenye ubao mama. Linux inanung'unika, kazi inaendelea. Umeme ukikatika ghafla, huja na "recovering journal": mfumo unamalizia maandishi yaliyokatizwa. Nao si wa kutisha.

Nikazoea, na kuzoea ndiko kulikoniponza. Katikati ya kelele zile ukaingia mstari mpya: "I/O error, dev sda". Maana yake diski imeshindwa kusoma au kuandika. Wiki nzima niliupita tu, kwa kuwa mashine ilikuwa inawaka. Leo mahojiano mawili hayafunguki.

Sasa nina utaratibu. Siku mashine ikiwa nzima, natoa orodha ya makosa kwa amri ya journalctl -b -p err -o cat na kuihifadhi. Siku nyingine nalinganisha. Mstari wa zamani nauacha. Mpya nautafutia maana. Ukitaja diski, nanakili kazi zangu kwanza, maswali baadaye.

Jioni nimerudi kwa mama mmoja kumwomba anisimulie upya.

"Mwanangu, si nilishakwambia yote?"

Uliniambia, mama. Mimi ndiye sikutunza.